Rada ya leza koherenti: picha imejaa chenga, gari nalipataje?

fundi_mawimbi

Habari za humu wakuu. Naomba msaada kwa yeyote aliyewahi kugusa rada za leza, zile koherenti, yani zile ambazo mwanga unaorudi unachanganywa na mwanga wa leza nyingine ya ndani alafu ditekta inasoma tofauti ya masafa ya hizo mbili.

Nipo masters ya elektroniki na mawasiliano, mada yangu ni kugundua gari lililosimama kwenye uwanda wa nyasi kwa kutumia picha za mtambo wa aina hiyo. Kwa sasa ni simulesheni tu. Vigezo nilivyopewa na msimamizi: leza ya kaboni dayoksaidi ya mikromita 10.6, mpigo wa nanosekunde 30, lenzi ya kipenyo cha sentimita 10, mtambo uko juu mita 100 kutoka ardhini na gari liko kilomita 1 mbele, picha ina pikseli 128 kwa 128, kila pikseli ina visanduku vya umbali 256, na CNR ya wastani, yani nguvu ya mwangwi ukilinganisha na kelele, ni desibeli 20.

Sasa tatizo. Picha ya mng'ao inatoka chenga tupu kama tv isiyo na antena, nikiweka kizingiti mwili wa gari unatoboka matundu na nyasi zinawaka ovyo. Picha ya umbali ina afadhali ila kuna pikseli zimetapakaa zinasoma mita 480, jirani yake 1,400, wakati zinatakiwa zisome kama 1,000. Nikapitisha filta ya wastani ya 3 kwa 3 ndo ikavuruga kabisa. Nikaongeza nguvu ya leza mara mbili, chenga za mng'ao zikabaki vile vile kana kwamba sijafanya kitu. Nataka kuelewa hii kitu inatokea wapi na shabaha inagunduliwaje katika hali hii. Natanguliza shukrani.

mzee_wa_lenzi

Mdogo wangu simulesheni yako haina kosa, hivyo ndivyo mwanga wa leza ulivyo. Chukua kile kitochi cha leza cha kuonyeshea kwenye mihadhara, kimulike ukutani kwenye rangi isiyong'aa (usikimulike machoni wala kwenye kioo), utaona doa haliko laini, lina punje punje zinazometameta, ukisogeza kichwa punje nazo zinahama. Ukuta haujabadilika. Kila kipande kidogo cha ukuta kinarudisha wimbi lake, uso una mabonde na vilima vikubwa kuliko urefu wa wimbi, kwa hiyo mawimbi yanafika kwako yakiwa hayajapangana, sehemu moja yanajumlishana na sehemu nyingine yanafutana. Hizo punje kwa kimombo chetu cha maabara tunaziita spekili.

Rada koherenti ina spekili kali kuliko jicho lako, manake leza ya ndani inachagua wimbi moja tu linaloendana nalo, punje moja kwa pikseli moja. Hakuna wastani wowote unaofanyika ndani ya pikseli. Matokeo yake mng'ao wa pikseli kwa uso wenye kukwaruza, iwe nyasi iwe bodi yenye vumbi, unafuata mgawanyo wa eksponenshali. Sasa angalia maana yake: asilimia 39 ya pikseli zitakuwa chini ya nusu ya wastani, karibu asilimia 10 zitakuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya wastani, na asilimia 13 hivi zitakuwa juu ya mara mbili ya wastani. Hapo bado hujaweka kelele ya ditekta hata chembe.

Ndo maana kuongeza nguvu hakukusaidia kwenye mng'ao. Ukiongeza nguvu mara mbili unakuza wastani mara mbili na mtawanyiko nao unakua mara mbili, uwiano wao haubadiliki. Jeffrey Shapiro wa MIT na wenzake walishaonyesha hili kwenye karatasi zao za mwaka 1981: ubora wa picha ya mng'ao kwa mpigo mmoja unagota kwenye 1, yani mtawanyiko unalingana na wastani, hata CNR ikienda mbinguni. Isipokuwa sehemu zinazong'aa kama kioo, mfano kioo cha mbele kilichokuelekea sawasawa, hizo hazina spekili ya namna hii ila huwezi kuzitegemea maana gari likigeuka kidogo tu zinapotea.

kelele_nyeupe

Naongezea kwenye la mzee, kwa sababu hapa ndipo wengi wanachoma nguvu bure.

Tuseme unaweka kizingiti ambacho kelele tupu inakivuka mara moja katika sampuli milioni moja, huko kuvuka ndo tunaita kengele ya uongo. Kwa shabaha yenye spekili, uwezekano wa kuigundua kwa mpigo mmoja ni ule uwezekano wa kengele ya uongo uliopandishwa kwa kipeo cha 1 gawanya kwa (1 + CNR). Kwa desibeli 20, yani CNR ya 100, unapata asilimia 87. Ukiongeza nguvu mara mbili unapata asilimia 93. Sasa badala ya kuongeza nguvu, piga mipigo miwili, kila mmoja CNR 100 ile ile, na ukubali shabaha kama mmojawapo umevuka kizingiti: asilimia 98. Nishati jumla ni sawa kabisa na ile ya kuongeza nguvu mara mbili! Na hata ukiigawa nishati yako ya sasa vipande viwili vya CNR 50 kila kimoja unapata asilimia 94, zaidi ya 87 uliyokuwa nayo kwa mpigo mmoja mnene. Kengele za uongo zinapanda mara mbili tu, na hiyo ni bei ndogo sana.

Ila sharti ni moja na usilisahau kwenye simulesheni yako: spekili ya mpigo wa pili lazima iwe mpya. Mtambo ukiwa umetulia tuli na gari limetulia tuli, mpigo wa pili unarudisha punje ile ile na umefanya kazi bure. Spekili inabadilika mtambo ukisogea kando kwa kiasi cha upana wa lenzi, kwako wewe ni kama sentimita 10, kwa hiyo kama kifaa kiko kwenye ndege spekili mpya inakuja yenyewe ndani ya milisekunde chache. Ukijumlisha mng'ao wa mipigo 16 iliyo huru, chenga zinashuka mara 4, mzizi wa idadi.

binti_wa_redio

Samahani kama swali langu ni la nje kidogo, kwanini mtu ahangaike na koherenti kama ina spekili hivyo? Lida za kawaida za kwenye magari na za kupimia ardhi zinatuma mpigo, zinapima muda wa mwanga kurudi, basi. Zenyewe hazina hizi chenga.

kelele_nyeupe

@binti_wa_redio swali zuri dada. Zile za kupima muda zina ditekta inayokusanya punje nyingi kwa pamoja, ndo maana hazichengi sana. Koherenti inakupa vitu viwili ambavyo zile hazina. Cha kwanza, leza ya ndani inaukuza mwangwi dhaifu juu ya kelele ya umeme ya ditekta, na inapokea kijibendi chembamba tu cha masafa, kwa hiyo hata jua likiwaka utosini haliisumbui. Cha pili ni mwendo. Kitu kikitembea masafa ya mwangwi yanahama (hiyo ndo Dopla) kwa mara mbili ya kasi gawanya urefu wa wimbi: kwa mikromita 10.6, mita 1 kwa sekunde inakupa kilohetsi 189, na kwa mikromita 1.55 ambayo ndo inatumika sana siku hizi inakupa megahetsi 1.29. Unaona mwendo kwenye pikseli moja bila kusubiri fremu ya pili. Ndo sababu makampuni ya magari yanayojiendesha yaliirudia, Aurora ilinunua Blackmore, kampuni ya lida za koherenti, mwaka 2019 kwa ajili hiyo hiyo, na uwanja wa ndege wa Hong Kong unatumia lida ya Dopla ya koherenti tangu 2002 kuwatahadharisha marubani juu ya upepo unaogeuka ghafla njiani kwenye kutua.

pikseli_moja

Mkuu @fundi_mawimbi nimeyafanyia kazi mambo haya miaka kadhaa, ngoja niende kwenye kiini cha swali lako manake wakuu hapo juu wameongelea mng'ao, mimi nakushauri mng'ao uuache pembeni kabisa. Shabaha yako iko kwenye picha ya umbali, na ipo wazi sana ukijua pa kuangalia.

Kwanza hizo pikseli zinazosoma 480 na 1,400. Kila pikseli ina visanduku 256, programu inachagua kisanduku chenye kilele kirefu kuliko vyote na kusema huo ndo umbali. Spekili ikiufuta mwangwi wa kweli kwenye pikseli fulani, kilele kirefu kinakuwa cha kelele, na kelele inaweza kuwa popote kwenye dirisha. Hiyo ni pikseli potofu. Uwezekano wake kwa makadirio ni (ln N − 1/N + 0.577) gawanya kwa CNR, N ikiwa idadi ya visanduku. Weka namba zako: ln ya 256 ni 5.545, unapata kama 6.12 gawanya kwa 100, asilimia 6. Pikseli 128 kwa 128 ni 16,384, kwa hiyo kila picha inakuwa na pikseli potofu kama 1,000. Nina uhakika ukihesabu zako utakuta hapo hapo. Makadirio haya yanafaa pale jibu likiwa dogo, ukishuka desibeli 10 usiyaamini tena.

Hapo utaona pia kwanini filta ya wastani imekuharibia. Pikseli moja iliyopotoka kwa mita 500 ndani ya dirisha la pikseli 9 inausogeza wastani kwa mita 55, na inawachafua majirani wote wanane. Mediani ina afadhali, ila inakula vitu vyembamba na kingo za gari.

Sasa jiometria, na hapa naomba usome taratibu. Lenzi yako ya sentimita 10 kwenye mikromita 10.6 inatoa miale yenye upana wa kama sehemu moja ya elfu kumi ya radiani, kwa hiyo kwenye kilomita 1 pikseli moja ni kama sentimita 10. Mtambo uko juu mita 100 na unatazama mbele kwa mshazari mdogo. Ukipanda mstari mmoja wa pikseli kwenda juu, umbali wa ardhi unaongezeka kwa R (umbali) mraba gawanya kimo cha mtambo, mara ile pembe ya pikseli moja: milioni moja gawanya 100 mara 0.0001, jibu ni mita 1. Kila mstari, ardhi inasogea mita 1 mbele. Gari lako lenye kimo cha mita 2.4 linachukua mistari 24. Kama pale pangekuwa ni nyasi tupu, kati ya mstari wa chini na wa juu umbali ungebadilika mita 24. Lakini ubavu wa gari umesimama wima! Mistari yote 24 inasoma umbali ule ule, inapishana kwa unene wa bodi yake tu. Kisanduku chako kimoja ni mita 4.5 (ndo mpigo wa nanosekunde 30 ukihesabu kwenda na kurudi), na kilele kikiwa kizuri unaweza kukisia umbali ndani ya kisanduku kwa usahihi wa kama mita 4.5 gawanya mzizi wa CNR, yani nusu mita. Nusu mita dhidi ya mita 24.

Kwa hiyo acha kuuliza "pikseli hii inang'aa?" uliza "kundi hili la pikseli linapanda na ardhi au limesimama?" Gari la upana wa mita 3 ni pikseli 24 kwa 30, jumla 720. Kati ya hizo kama 44 zitakuwa potofu, zilizobaki 676 zote zinakubaliana ndani ya nusu mita. Hakuna kelele inayoweza kuigiza hilo.

Kimahesabu unalinganisha dhana mbili kwa kila dirisha unalotelezesha juu ya picha. Ya kwanza: pikseli zote ziko kwenye mteremko wa ardhi. Ya pili: zilizo ndani ya mstatili ziko kwenye umbali mmoja, zilizo nje ziko kwenye mteremko. Katika dhana zote mbili kila pikseli unaipa nafasi mbili, asilimia 94 iko karibu na umbali wa kweli kwa mgawanyo wenye umbo la kengele (Gaussian), na asilimia 6 iko popote dirishani kwa usawa. Hiyo asilimia 6 ya popote ndo dawa yako, manake pikseli inayosoma 1,400 haimvuti mtu tena, mahesabu yanaiona na kuipita. Huna umbali wa ardhi wala wa gari kabla, kwa hiyo unavikadiria kutoka kwenye data yenyewe alafu unachukua uwiano wa uwezekano wa dhana mbili na kuupitisha kwenye kizingiti. Kukadiria mteremko penye pikseli potofu tumia algorithimu ya EM: kisia mteremko, ipe kila pikseli uzito kulingana na inavyoendana na huo mteremko, kokotoa tena mteremko kwa uzito huo, rudia mpaka utulie. Thomas Green na Shapiro waliitumia hii hasa kwa picha za umbali za rada ya leza miaka ya 1990 na inatulia haraka.

Jambo dogo la mwisho, picha yako yote kutoka chini mpaka juu inafunika kama mita 128 za umbali wa ardhi, wakati visanduku 256 vya mita 4.5 ni zaidi ya mita 1,150. Dirisha la visanduku 64 linakutosha kabisa. Usitegemee muujiza hapo, ni logi, potofu zitashuka kutoka asilimia 6.1 kwenda 4.7, ila ni bure na kompyuta inapumua.

fundi_mawimbi

Mkuu @pikseli_moja nimekaa na hii post yako mchana mzima. Nimehesabu pikseli potofu kwenye picha kumi za simulesheni, wastani unakuja asilimia 6 kama ulivyosema. Na nilipochora umbali wa safu moja tu ya pikseli kutoka chini kwenda juu, gari linaonekana kwa macho: mstari unapanda, unafika kwenye gari unalala sawa, ukimaliza paa unaruka ghafla mita ishirini na kitu kuendelea na ardhi ya nyuma. Nimefurahi sana aisee.

Maswali yaliyobaki mawili. Gari likiwa linatembea nitumie Dopla kwenye mtambo huu huu? Na je mwamba au kichuguu kirefu kilichosimama wima hakitanidanganya?

mzee_wa_lenzi

Kwa mpigo wa nanosekunde 30 Dopla huipati mdogo wangu. Bendi ya mpigo mfupi hivyo ni kama megahetsi 33, ukiigeuza kuwa kasi kwenye mikromita 10.6 ni karibu mita 177 kwa sekunde, gari gani hilo. Ili uione kasi lazima usikilize muda mrefu: mikrosekunde 100 zinakupa kilohetsi 10, sawa na sentimita 5 kwa sekunde, hapo hata mtu anayetembea unamtenga na nyasi. Ila kwa mpigo rahisi wa mikrosekunde 100 umbali nao unapotea, kisanduku kinakuwa kilomita 15. Njia ya kupata vyote ni kuyasogeza masafa ya leza wakati inamulika, yapande na kushuka, alafu umbali na kasi unavitenganisha kwenye hesabu. Kumbuka kutoa kasi ya ndege yenyewe pia, mita 60 kwa sekunde ni megahetsi 11 zinazobadilika kidogo kidogo kwa kila pembe ya kutazama.

Dopla inaweza kufanya makubwa kuliko unavyodhani. Mwaka 1990 Lincoln Laboratory, maabara ya MIT, kwenye kituo chao cha Firepond, Massachusetts, walitumia leza ya kaboni dayoksaidi na darubini ya mita 1.2 kutazama vitu vilivyorushwa kwa roketi mamia ya kilomita mbali. Kwa umbali ule doa la leza ni pana kuliko kitu chenyewe, huwezi kupata picha ya kawaida, lakini kitu kikizunguka upande mmoja unakuja na mwingine unakwenda, kwa hiyo umbali kwa mhimili mmoja na Dopla kwa mwingine vinakupa picha.

pikseli_moja

Kichuguu kitakudanganya ndiyo, na ukuta pia, na mti mnene. Kipimo kinakuambia "kuna kitu kimesimama", hakisemi ni gari. Hapo sasa ndo unatumia kimo na upana: ukishakubali mstatili, ruhusu ukubwa wake ubadilike, chagua ule unaotoa uwezekano mkubwa zaidi, alafu uulize kama mita 2.4 kwa 3 inaendana. Gari lililofichwa nusu na kichaka ni kazi ngumu zaidi, maana mwangwi wa majani na wa bodi unakuja kwenye pikseli moja kwa visanduku viwili na kuchagua kilele kirefu tu kunatupa taarifa. Kwa hizo tunza vilele viwili vitatu kwa kila pikseli.

binti_wa_redio

Mimi nimefuatilia tu ila nina angalizo la hali ya hewa. Mikromita 10.6 inapita kwenye moshi na ukungu mwepesi vizuri kuliko mwanga wa macho, lakini mvuke wa maji unaimeza. Kama simulesheni imechukua anga kavu ya Ulaya alafu matokeo yanapelekwa pwani kama Dar au Mombasa mwezi wa tatu, CNR ya desibeli 20 kwa kilomita 1 inaweza isifike. Weka unyevu kama kigezo, mwanga unapita mara mbili, kwenda na kurudi.

kelele_nyeupe

Dada hilo ni la msingi, na linagusa kizingiti pia. @fundi_mawimbi ukiandika ripoti usiweke uwezekano wa kugundua bila kuandika kengele za uongo pembeni yake. Moja kwa milioni inasikika ndogo, lakini picha yako ina sampuli 16,384 mara 256, zaidi ya milioni 4, kwa hiyo ni kengele kama 4 kila picha kabla hujaanza kuzipanga kwa makundi. Kipimo cha makundi cha @pikseli_moja kinazifuta karibu zote, ila ulithibitishe: tengeneza picha za nyasi tupu zisizo na gari, nyingi, pitisha kipimo kile kile bila kubadili kitu, hesabu ngapi zimelia. Ukitaka kudai kengele moja kwa picha elfu moja, picha elfu moja hazitoshi kuidai, tengeneza angalau elfu kumi, na ubadilishe mteremko wa ardhi kati ya picha na picha, weka matuta na mabonde, maana nyasi za simulesheni zilizonyooka kama meza ndizo zinazofanya kipimo kionekane kizuri kuliko kilivyo.